Chupa Kutoka Kampala

Kisangani, 22 Septemba 1999

Annette mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la chumvi, kwa sababu kiti cha dukani kimevunjika. Usicheke. Kilikuwa kibovu tangu zamani, ingawa Lambert wangu anasema kiti hakikuwa na kosa lolote.

Sisi wazima. Mapigano ya mwezi wa nane yalipita mtaani kwetu, ukuta wa nyuma una matundu, lakini duka limefunguliwa tena na watu wananunua sabuni. Sasa sikiliza habari yangu. Nilikwenda kwa daktari kwa ajili ya kichwa kinachouma kila siku. Akapima damu, akapima mkojo, akaniambia nina sukari, na presha juu yake. Akasema: "Mama, huu mwili lazima upungue. Ukule kidogo, utembee kila siku. Dawa nitakupa, lakini dawa peke yake haitakutosha."

Unakumbuka mama yetu kule Butembo. Alianza na kidonda cha kidole, wakakata mguu, na bado tukamzika. Mimi ndiye niliyemwosha. Naogopa, Annette, na nakuambia wewe tu.

Lakini yule daktari ni mtu wa Kinshasa, hajui biashara. Nikitembea kwa miguu wiki moja, soko zima litasema askari wamechukua camionette yetu ya mizigo. Nikikonda, watasema nina ule ugonjwa. Évariste wa Butembo ananiletea mzigo kwa ndege kwa kuniamini tu, na mfanyabiashara wa kwetu aliyekonda, nani atamwamini? Nikikataa lituma, zile ndizi za kuponda za hapa, nyumbani kwa watu, mwenye nyumba atajiuliza amenikosea nini. Juzi nilitaka kupanda toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria hapa. Mwenyewe aliniangalia, akaangalia tairi, akasema: "Mama, ungojee mwenzangu, tairi yake iko mupya."

Bon. Wewe ni muuguzi, na uko Kampala ambako watu wanalala usingizi. Nasikia wake za wakubwa huko wanameza vidonge na mwili unapungua wenyewe, polepole, bila mtu kujua. Nitafutie. Mpe rubani wa ndege ya chumvi, ananijua.

Dada yako,
Emérence Kavugho

*

Kampala, 10 Oktoba 1999

Yaya Emérence,

Dada yangu mkubwa, vidonge nimepata. Ni hivi vilivyomo kwenye chupa ya kahawia. Utameza kimoja kila asubuhi. Lakini usome vizuri, kwa sababu vidonge hivi vina masharti, na mtu akiyavunja havifanyi kazi hata kidogo.

Ukishameza, mwili lazima upate joto mpaka jasho litoke, na joto hilo ni la kutembea, si la jua wala la jiko. Tembea mpaka mbali, nenda na kurudi. Jioni usile fufu ya muhogo wala lituma. Kula mboga, samaki, maharage. Chai bila sukari, na bia uiache. Vaa viatu vya kufunga, usitembee peku hata uani, na kila jioni uangalie nyayo zako, maana mtu mwenye sukari anaweza kuumia mguu asisikie. Vidonge vya daktari uendelee navyo vilevile. Vyangu havichukui nafasi ya vile.

Mama alikuwa mbishi. Wewe usiwe kama yeye.

Mdogo wako,
Annette

*

Kampala, 10 Oktoba 1999

Shemeji Lambert,

Barua hii ni yako peke yako. Katika ile chupa hamna dawa ya kukondesha. Ni vitamini za kawaida, tunazowapa wajawazito hapa kwenye zahanati ya masista.

Dawa za kupunguza mwili zipo kweli, na sikukosa njia ya kuzipata. Ziko zinazosukuma moyo kwenda mbio, na kwa mtu mwenye presha hizo ni kumwekea moto nyumbani. Ziko nyingine zinazozuia mafuta yasiingie mwilini, yanatoka nyuma bila kuomba ruhusa. Fikiria Emérence kwenye gunia lake la chumvi, na wateja mbele yake. Labda siku moja zitakuja nzuri zaidi. Kwa sasa, katika mji wa vita ambako hakuna mtu wa kumpima kila wiki, dawa salama ninayoijua ni miguu yake na sahani yake.

Lakini unamjua dada yangu. Nikimwambia atembee, atanipa sababu nyingi. Nikimwambia kidonge kinataka atembee, atatembea, maana kidonge kimetoka mbali na kimepanda ndege. Nisaidie. Usimwambie. Uangalie tu.

Shemeji yako,
Annette

*

Kisangani, 12 Desemba 1999

Shemeji Annette,

Unaniomba niangalie. Ndiyo kazi ninayoiweza. Tangu vita vianze, chuo kikuu hakijatulipa, lakini bado nakwenda kwenye msitu wa Masako kupima panya wa huko kila njia inapokuwa salama. Donc, kupima na kunyamaza ni mambo niliyoyazoea.

Anatembea. Wiki ya kwanza alizunguka uani mpaka kuku wakakasirika. Kisha akapata njia ambayo wewe wala mimi tusingeibuni. Alitangaza sokoni kwamba ameweka nadhiri: kila asubuhi atakwenda kwa miguu kusali kanisani Simi-Simi, mpaka amani irudi mjini. Mtu mwenye nadhiri haulizwi gari lake liko wapi. Haulizwi pia kwa nini hali fufu jioni, kwa kuwa nadhiri ina kufunga kwake. Amenunua viatu vya turubai vya kufunga kwa kamba, anaviweka mlangoni, na hakuna anayeruhusiwa kuvisogeza.

Tatizo ni kwamba sasa ana wafuasi. Agathe anayeuza mikate alianza, wakafuata wengine, na wanapita mtaani wakiimba. Hata Rachida, mshonaji jirani yetu, anakwenda nao mpaka kwenye uzio wa kanisa, halafu anakaa nje kuwangoja. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu: "Amani ninaombaka kwetu nyumbani, papa Lambert. Huku nilikuja kutembea tu."

Kiti kipya cha dukani bado kizima. Kila asubuhi anameza kidonge chako akiwa amesimama, kwa heshima, kama anapokea komunyo. Sijasema kitu.

Lambert

*

Kisangani, 20 Februari 2000

Annette mdogo wangu,

Vidonge vyako vina nguvu. Rachida ameshapunguza nguo zangu zote, na sasa anaanza kuzipunguza tena. Ngazi ya duka napanda nikiongea. Daktari alipima sukari akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akapima tena. Nilimwacha ashangae. Siku nikichelewa kumeza nasikia mwili mzito kabisa, ndiyo nikajua ni dawa ya kweli. Nitumie chupa nyingine kabla hii haijaisha, na mimi naificha, maana wanawake wa Simi-Simi wakijua wataniomba.

Upande huo nina furaha, nakuambia bila kuficha. Asubuhi, barabara ikiwa bado na ukungu na hakuna risasi, najisikia msichana.

Upande mwingine ndio niliokuambia. Agathe amenieleza wanayosema sokoni: "Mama Kavugho anaisha. Anaisha vile, iko na nini?" Mteja mmoja wa Bangboka alipokea sabuni mkononi mwangu akaipangusa. Mimi nilikuwa nimelala na njaa ya jioni nyingi ili nisife, na yeye anapangusa sabuni. Nililia nyuma ya duka, halafu nikarudi kuuza.

Na Évariste ameandika kwamba atakuja Pasaka kunisalimia. Hajawahi kunisalimia Pasaka. Anakuja kuniona sura, akibeba neno la kupeleka Butembo kwa wengine wote. Je, huko Kampala hakuna kidonge kinachopunguza tumbo na kuacha mashavu?

Emérence

*

Kampala, 14 Machi 2000

Yaya,

Kidonge hicho hakipo. Mwili unapopungua, unapungua wote, na mashavu nayo ni mwili.

Chupa nyingine hii hapa. Usimpe mtu mwingine, na masharti ni yaleyale. Évariste akija, mwonyeshe ghala lako, mtembeze kwa miguu mpaka achoke yeye. Vaa nguo zinazokukaa vizuri, si zile pana za zamani zinazokufanya uonekane umetoka kaburini. Waache waseme. Wanaosema hawatakuja kukuosha.

Nina fahari nawe, na sijui kama nimewahi kukuambia.

Annette

*

Kisangani, 21 Mei 2000

Shemeji Annette,

Hujaandika, na yeye pia naona haandiki, kwa hiyo naandika mimi.

Évariste alikuja Pasaka, akala kwetu, akasema mbele ya watu: "Mama iko sawa. Sura iko yenyewe." Akarudi Butembo ameridhika, na mzigo umekuja mkubwa kuliko wa mwaka jana. Soko limenyamaza. Jambo hilo lingepaswa kunifurahisha.

Nakuandikia ninayoyaona. Uso wake umekuwa wa mviringo na unang'aa, lakini mikono na miguu imebaki myembamba. Anakunywa maji jagi zima na kuomba jingine. Anakula sana, hata jioni, na anasema njaa inamtafuna. Bado anatembea Simi-Simi kila siku, lakini anarudi amechoka. Jana alikanyaga kipande cha bati uani, damu ikatoka, na mimi ndiye niliyemwonyesha.

Ningemwona mnyama wa namna hii Masako, ningeandika kwamba ni mgonjwa. Lakini nilijiambia kwamba vidonge vyako ni vitamini tu, vya zamani na hivi vipya pia. Vile vidogo vyeupe ulivyotuma kabla ya Pasaka, anavyofunga kwenye ncha ya kitenge, anameza vitatu kwa siku. Je, vitamini zikizidi zinaweza kufanya hivi?

Lambert

*

Kampala, 2 Juni 2000

Yaya Emérence,

Barua ya Lambert imefika leo na naandika nikiwa bado na aproni.

Mimi sikukutumia vidonge vidogo vyeupe. Lambert alidhani ni vyangu, ndiyo maana hakuuliza. Navijua ni nini. Ni vile ambavyo wasichana wananunua sokoni kabla ya harusi ili mashavu yajae. Yaya, vile ni dawa kali. Vinajaza uso maji na mafuta, na vinapandisha sukari juu kabisa. Miezi yote uliyotembea, vinaibomoa. Lakini usiviache ghafla, kwa kuwa mwili ukishavizoea unaweza kuanguka. Nenda kwa daktari leo, umwonyeshe, akupunguzie yeye kidogo kidogo. Na miguu yako, nakusihi, iangalie kama unavyoangalia pesa bandia.

Kuna jambo la pili. Chupa za kahawia nilizokutumia ni vitamini. Hazijawahi kumpunguza mtu yeyote. Mwili ulioondoka uliuondoa wewe, kwa miguu yako na kwa sahani yako. Nilikudanganya kwa sababu nilijua kwamba ushauri wangu usingeuchukua, na kidonge ungekichukua. Niliona nimefanya akili. Kumbe nilikufundisha kwamba kila tatizo la mwili lina kidonge chake, na wewe ukaenda kutafuta cha mashavu.

Nisamehe. Uniandikie hata kama ni matusi.

Annette

*

Kampala, 25 Juni 2000

Shemeji Lambert,

Barua niliyomwandikia Emérence tarehe mbili imenirudia. Rubani anasema ndege haikuweza kutua uwanjani Bangboka. Redio inasema majeshi mawili ya wageni yalipigana mjini kwenu siku sita kwa makombora, na kwamba hakuna mtaa uliosalimika. Redio haitaji majina ya watu.

Naituma tena pamoja na hii. Sikuifunga, uisome kwanza wewe. Kuna habari ya vile vidonge vyeupe ambayo haiwezi kungoja. Kama yupo, mpe. Kama hayupo, niambie kwa maneno machache.

Annette

*

Kisangani, 16 Julai 2000

Shemeji Annette,

Yupo. Naanza na hilo.

Barua zako zimefika leo asubuhi. Nitakueleza kwa utaratibu. Makombora yalianza Jumatatu. Yaliyotangulia yalipita juu, mengine yakaanza kuanguka mtaani. Yalipotulia kidogo tuliondoka: Emérence, mama yangu, mimi, Rachida na Agathe. Nilichagua kwenda Masako kwa sababu naijua, na kuna vibanda tulivyokuwa tunapimia panya. Tulipita barabara ya zamani ya Buta. Watu walikuwa wengi na wengi walikaa njiani, hawakuweza kuendelea. Wanawake wa Simi-Simi hawakukaa. Emérence alimvuta mama yangu kwa mkono mpaka mwisho, na mtu yeyote aliyeona angesema mwanamke huyu ni mzima kuliko sisi.

Alikuwa peku. Sikuona mpaka tulipofika. Wakati ule hakuna mtu aliyekuwa anaangalia miguu. Chini ya mguu wa kulia palikuwa pamechanika, na alisema hasikii maumivu. Tuliosha kwa maji ya chumvi. Tulipoweza kurudi mjini, mguu ulikuwa umevimba na una harufu. Hospitali ilikuwa imejaa hadi nje. Daktari wake, yule wa Kinshasa, alipima sukari na hakuamini. Aliona vile vidonge vyeupe kwenye ncha ya kitenge, akakasirika sana, na sasa anampunguzia kidogo kidogo, kama unavyosema wewe pia. Wiki iliyopita walimkata vidole viwili. Daktari anasema mguu utabaki ikiwa sukari itatii.

Emérence alipoamka aliangalia bandeji akasema: "Mama alianza na kimoja."

Nyumba imepigwa upande wa jikoni. Viatu vyake vya turubai bado viko mlangoni, vimejaa vumbi la ukuta. Sijavisogeza.

Barua yako nitampa jioni hii. Sidhani kama itamsaidia, lakini ni ya kwake.

Lambert

*

Kisangani, 30 Julai 2000

Annette,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa hasira zaidi.

Lambert amekuandikia kwamba nilikimbia peku. Hakukuandikia kwa nini, kwa hiyo nitakuandikia mimi. Tulikuwa tumeshafika mlangoni, nikarudi ndani. Mkono mmoja nilikuwa nimemshika mama mkwe, ambaye hakutaka kuniachia, na mkono mmoja ulikuwa huru. Viatu vilikuwa pale pale, kamba zimefunguliwa, tayari kwa Simi-Simi. Chupa yako ilikuwa kwenye dirisha. Nilifikiri: viatu vinapatikana popote, dawa hii inatoka Kampala. Nilichukua chupa.

Kule msituni nilimeza kimoja kila asubuhi, bila maji, na kila asubuhi nilimshukuru Mungu kwa ajili yako. Lambert alikuwa amekaa mbele yangu ananiangalia nikimeza. Alikuwa anajua. Alikuwa amekuahidi. Tangu nisome barua yako sijasema naye, anapika lituma mwenyewe na anaiunguza, na mimi naila hivyohivyo, kidogo.

Ungeniambia kwamba ni miguu, Annette. Labda ningebisha, ndiyo, najijua. Labda ningekaa kwenye gunia langu mwezi mzima nikibisha. Lakini siku ile ya makombora ningejua ni kitu gani cha kuchukua.

Vile vidonge vyeupe ni kosa langu, hilo sikutupii wewe. Nilinunua mwenyewe na nilijificha. Niliona haya kukonda kuliko nilivyoogopa kufa. Sasa ungekuja hapa ungecheka. Mji mzima umekonda, na hakuna anayemwuliza mwenzake ana nini. Évariste ametuma mzigo kwa ndege ya kwanza iliyotua, na barua yake haikuuliza habari ya uso wangu. Aliuliza kama niko hai.

Agathe na Rachida wanapita hapa kila asubuhi wakienda Simi-Simi. Kanisa lina tundu kwenye paa, lakini wanakwenda. Jana Rachida alisimama dirishani, akasema: "Mama Kavugho, nadhiri ni yako, si yetu. Utaamuka lini?" Nimewapa chupa zako, Rachida anaweka vifungo ndani.

Daktari anasema kidonda kikifunga nitaanza na fimbo, mpaka kwenye kona, kisha zaidi. Usinitumie kidonge chochote. Nitumie viatu. Vile vya zamani nilivijaribu juzi, cha kulia hakiingii na bandeji. Viwe vya kufunga, cha kulia kipana mbele, na soli ngumu ambayo bati haliwezi kuitoboa.

Dada yako,
Emérence